Wanaokuja Kusikiliza Hutazamia Nini?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya walimu, waimbaji na wazee wa mitaa, katika mkutano wa matengenezo ya Jubilii)



Tumepewa kazi ya kunena habari za nyimbo zitakazoimbwa siku ya Jubilii. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha nena juu ya malazi ya wageni, na chakula, na maji, na njia ya maandamano; nasi tumesikiliza kwa furaha, maana mambo hayo yametengenezwa vema. Sasa imebaki saa yetu, wala hatutaki kuipoteza kwa kuhesabu majina ya kwaya na rangi za majoho yao. Twataka kuuliza swali moja tu, ambalo katika mikutano mingi kama huu hatujalisikia likiulizwa. Swali lenyewe ni hili: Mtu atokaye kwake alfajiri, akatembea kwa miguu au akapanda gari, akaja kusimama uwanjani ili asikilize watu wakiimba, hutazamia nini?

Kwa desturi sisi walimu huuliza habari za waimbaji tu. Je, wamejifunza? Je, wako wangapi? Je, sauti ya nne ina nguvu ya kutosha? Maswali hayo ni ya haki, wala hatuyadharau. Walakini tumefanana na mpishi aulizaye habari za sufuria na kuni na chumvi, asiulize hata mara moja ni nani watakaokula, na kama wana njaa, na kama chakula kile wakijua.

Kabla hatujaendelea, yatupasa kuungama kosa letu wenyewe, ili mtu asidhani kwamba tunasimama hapa kuwahukumu wengine. Miaka michache iliyopita, katika sikukuu ya mtaa mmoja tuliokuwa tukiufundisha, kwaya yetu ilikuwa imekwisha rekodi nyimbo zake mjini. Kazi ile ilitoka nzuri sana. Kila sauti ilinyoshwa na mashine, na pale tulipoteleza paliondolewa. Basi siku ya sikukuu tukashauriana, tukasema, Kwa nini tujihatarishe? Na ziimbe spika, na waimbaji wachezeshe midomo na kwenda kwa hatua nzuri, nani atakayejua? Jambo hilo vijana huliita pleibeki. Nasi walimu, tuliopaswa kulikataza, tulikubali, tukasimama mbele yao tukipunga mikono kana kwamba tunaongoza kitu.

Wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili ukapita. Katikati ya wimbo wa tatu umeme ukakatika. Midomo iliendelea kwenda kwa maneno mawili matatu, kisha ikasimama.

Twataka mlifahamu lililofuata, maana ndilo lililotufundisha. Watu hawakucheka. Walidhani tumepatwa na bahati mbaya tu, wakatuonea huruma. Walinyamaza, walioko nyuma wakasogea mbele, akina mama wakawanyamazisha watoto, wapate kutusikia pasipo spika. Walikuwa tayari kutusikiliza kuliko saa nyingine yoyote ya siku ile. Nasi hatukuweza kuimba. Wimbo ule ulirekodiwa sauti moja moja, kwa siku mbalimbali, na tangu hapo hatukupata kuuimba pamoja toka mwanzo hata mwisho. Hapana aliyejua kutoa sauti ya kuanzia. Tulisimama, tukatazamana, hata watu wakaanza kuondoka wawili wawili kwenda kutazama vyungu vya wali.

Asubuhi ya pili tulikutana na bibi mmoja mzee aliyetoka kijiji cha mbali. Tulipokwisha mwamkia, alituuliza kwa upole, bila hasira wala dhihaka: “Wanangu, jana mlikuwa mmeugua koo?” Tukajibu, “Ndiyo, Bibi.” Hilo likawa kosa letu la pili, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Akatupa pole, akasema atakuja tena kutusikiliza tukipona.

Tangu siku hiyo swali hili halikutuacha. Tumelichunguza katika habari za watu wa nchi yetu na za watu wa mbali, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Jambo la kwanza: msikilizaji ndiye mwamuzi, ijapokuwa hana kiti cha uamuzi. Wasukuma wa kando ya Ziwa Victoria wanalijua jambo hili kuliko sisi. Wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyopata majina yao kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana katika karne ya 19. Baada ya mavuno, vyama hivi hushindana katika sikukuu ya Bulabo, ambayo maana yake ni maua, nayo imefungamana na Sikukuu ya Ekaristi. Huko Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement alifanya kazi na ambako yamejengwa makumbusho ya Wasukuma, sikukuu hii imekuwa mashuhuri mno. Namna ya kushindana ni hii: vikundi viwili hucheza kwa saa ile ile, kila kimoja na uwanja wake, na watazamaji wako huru kwenda huku na huku. Anayevuta watu wengi ndiye aliyeshinda.

Tafakarini jinsi kiongozi wa wimbo wa Kisukuma, aitwaye ningi, anavyolazimika kufanya kazi. Hawezi kusema, “Watu hawa hawajui muziki.” Wakiondoka, ameshindwa, na ushindi umevuka uwanja ukaenda kwa mwenzake. Kwa hiyo kabla ya msimu hutunga nyimbo mpya, hutafuta habari za mwaka ule, huwafundisha wenziwe kuitikia kwa sauti moja, na huandaa mambo ya kustaajabisha macho: majembe yanayorushwa na kudakwa katika Bugobogobo, au nyoka walio hai mikononi mwa Bagoyangi. Wengine hutafuta hata dawa za kuvuta watu. Sisi dawa hizo hatuzifuati. Lakini hofu iliyowapeleka kuzitafuta twaifahamu, nayo ni hofu njema kwa mwimbaji: hofu ya kuachwa peke yake uwanjani.

Katika makanisa yetu watu hawaondoki. Heshima huwazuia, wakakaa. Nasi kwa kuwa wamekaa twadhani wamependezwa. Hilo ni kosa kubwa. Mtu aweza kukaa kitako muda wa saa mbili, ilhali moyo wake umekwisha fika nyumbani zamani.

Jambo la pili: anayekuja kusikiliza hutaka kusikia maneno na kuyaelewa. Husemwa kwamba taarabu ilipoletwa Unguja zamani za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala toka 1870 hata 1888, wapigaji walitoka Misri, na Mohamed Ibrahim wa Unguja akapelekwa Kairo kujifunza kanuni. Ilikuwa starehe ya jumba la Sultani, na nyimbo zake ziliimbwa kwa Kiarabu. Mtu wa kawaida aliyesimama nje ya ukuta aliweza kusikia sauti tamu, basi.

Kisha alitokea Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini, na katika ujana wake aliuza vyungu akitembea na kuviimbia. Alipohamia mjini alijifunza kuimba pamoja na wapigaji, naye aliimba kwa Kiswahili habari ambazo watu wa Ng'ambo walizijua: mashauri ya mahakamani, maovu ya wakubwa, mambo ya ndoa na ya hongo. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke mgeni na hukumu iliyowastaajabisha watu wa mji. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kutiwa sauti zao katika santuri, na santuri hizo zikauzwa pwani na bara. Shaaban Robert ameandika maisha yake katika kitabu.

Twawaomba mzingatie jambo moja katika habari hii. Watu walipokwisha nunua santuri za Siti, hawakuacha kwenda kumsikiliza. Nyumba yake iliendelea kujaa watu usiku. Basi walikwenda kutafuta nini, ilhali sauti wanayo nyumbani ndani ya gramafoni? Walikwenda kwa sababu santuri husema lile lile kila siku kwa kila mtu, bali mwimbaji aliye hai hukuona. Akiona umecheka, hurudia. Akiona umehuzunika, hupunguza mwendo. Habari iliyotokea jana aweza kuiingiza leo. Hapo ndipo tulipofahamu ubaya wa pleibeki yetu: watu walikuja kutafuta kile ambacho mashine haiwezi kuwapa, nasi tukawapa mashine.

Jambo la tatu: msikilizaji hutaka fungu lake katika kazi. Jambo hili lina uzito sana katika nchi zetu, basi mtuwie radhi tukilikawilia kidogo.

Katika ngoma zetu za asili hapana ukuta kati ya mwimbaji na msikilizaji. Mmoja huanzisha, wote huitikia. Mwenye ngoma hupiga, mwenye miguu hucheza, mwenye ulimi hupiga vigelegele, hata mzee asiyeweza kusimama huitika kwa kichwa. Mtu akiwa hana analofanya, hakuhudhuria. Alipita tu njiani. Babu zetu walipoanza kucheza beni katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, kwa tarumbeta na magwaride ya kuiga askari, hawakuiacha desturi hiyo. Mji mzima uligawanyika, huyu wa Marini, huyu wa Arinoti, na kila mtu alikuwa na upande wake wa kuupigia kelele na kuutolea fedha.

Katika taarabu fungu la msikilizaji huonekana katika kutunza. Mwimbaji hufika katika ubeti unaosema juu ya mtu aliyevumilia masengenyo, au aliyesalitiwa na rafiki. Ndipo mwanamke mmoja huinuka katikati ya watu, akaenda polepole kwa mwendo wa wimbo, noti mkononi, akizunguka kidogo kabla ya kufika mbele. Hana haraka. Watu wote humtazama na kuulizana, Maneno haya amemkusudia nani? Akifika, humpa mwimbaji noti ile, akarudi mahali pake kwa mwendo ule ule. Hakusema neno lolote, lakini amesema yote: ubeti huo ni wangu, mimi ndiye uliyeimbwa. Naye mwimbaji mwenye akili huurudia ubeti, maana ajua kwamba pengine yuko wa pili ambaye moyo wake umeguswa, ila miguu yake bado inasitasita.

Wako miongoni mwetu waliodhani kwamba kutunza ni majivuno ya kuonyesha fedha tu. Majivuno yamo, hatukatai. Walakini chini ya majivuno kuna jambo lililo kweli: mtu amejiona mwenyewe ndani ya wimbo wa mwingine, naye hawezi kukaa kitako. Wahenga walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Sisi aghalabu tunamfikiria mcheza tu katika mithali hii. Hebu tutafakari neno “kwao.” Hutunzwa kwa sababu wanaomtazama ni watu wake, na anachocheza wanakijua.

Sasa twaja kwenye swali linaloleta ugomvi katika mitaa yetu. Je, vigelegele na makofi vyafaa, ama watu wanyamaze? Walimu wengine wamewakemea akina mama mbele ya wageni, wakisema kwamba watu waliostaarabika husikiliza kwa kimya. Twapenda kuwaambia walimu hao, kwa heshima zote, kwamba kimya hicho si cha tangu awali hata huko Ulaya.

Mwezi wa Juni mwaka 1778, Mozart alikuwa Paris, kijana wa miaka 22, na simfonia yake mpya ilipigwa mbele ya watu. Alimwandikia babaye habari zote. Katika sehemu ya kwanza alitia mahali ambapo alijua patawapendeza wasikilizaji, na walipofika hapo watu wakapiga makofi kwa nguvu, muziki ungali ukiendelea. Naye kwa kuwa alilijua hilo mapema, alikuwa amekwisha parudisha tena karibu na mwisho. Zaidi ya hayo, alikuwa amesikia kwamba katika mji ule sehemu ya mwisho huanza kwa vyombo vyote pamoja kwa kishindo. Basi yeye akaianza kwa fidla tu, polepole, na watu wakanyamazishana wapate kusikia. Kisha kishindo kikaja ghafula, wakapiga makofi papo hapo. Baada ya hayo Mozart alikwenda kula barafu tamu, akasali rozari aliyokuwa ameiweka nadhiri, akarudi nyumbani.

Mwaona jinsi alivyofanya? Aliijua desturi ya wasikilizaji wake. Mahali pamoja aliwapa walichokitazamia, na mahali pengine aliwanyima kwa kitambo kidogo ili wakipokee kwa furaha zaidi. Wala hakuona makofi yao kuwa ujinga. Desturi ya kukaa gizani na kunyamaza kimya ilipata nguvu baadaye, katika karne ya 19. Mwaka 1876, katika nyumba ya muziki aliyoijenga Wagner huko Bayreuth, taa za wasikilizaji zilizimwa na wapigaji wakafichwa wasionekane, ili watu wasitazame kitu kingine ila mchezo wenyewe. Desturi hiyo ni njema kwa kazi iliyotungwa kwa ajili yake. Vigelegele navyo ni vyema kwa kazi iliyotungwa kwa ajili yake. Kila kitu na mahali pake: ndani ya ibada, wakati wa sala, tunyamaze, uwanjani, wakati wa furaha, asiwepo mtu wa kumfumba mama kinywa.

Jambo la nne: watu hutazamia wanachokijua, tena hutazamia kipya. Ukiimba yale yale ya kila Jumapili tu, watu husema, Haya tungeyapata bila kutembea mwendo wote huu. Ukiimba mapya matupu, husema, Hatukuimbiwa sisi. Kuyapatanisha haya mawili ndiyo kazi kubwa ya mwalimu. Tuna mfano mzuri katika majirani zetu wa Kongo. Huko Kamina, katika Katanga, Padre Guido Haazen alikusanya wavulana wa shule pamoja na walimu wao, wakawa kwaya. Mwaka 1958 waliimba Misa kwa maneno ya Kilatini ambayo Wakristo wote waliyajua, bali kwa mitindo ya nyimbo na ngoma za nchi yao. Wakaiita Missa Luba. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo haikuandikwa katika noti; waimbaji waliitunga wakiimba, kama ilivyo desturi ya ngoma. Mwaka ule ule waliimba Ulaya, na wasikilizaji wa huko walishangaa kusikia maneno waliyoyajua tangu utoto yakiwa mapya masikioni mwao. Kwetu Tanzania naye Padre Stephen Mbunga aliifanyia bidii kazi ya namna hii, akaandika kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, kilichotolewa mwaka 1963.

Jambo la tano: watu hupenda kuondoka wakijua kwamba kuja kwao kumefaa kitu. Tarehe 13 Aprili 1742, huko Dublin, Handel alisimamia kwa mara ya kwanza kazi yake kubwa iitwayo Messiah. Ilitangazwa mapema kwamba fedha za viingilio zitawasaidia wafungwa waliofungwa kwa ajili ya madeni, na wagonjwa wa nyumba mbili za kutibia. Kwa kuwa watu walikuwa wengi na jumba ni dogo, mabibi waliombwa waje bila yale mavazi yao ya kutanuka kwa pete za ndani, na mabwana waje bila panga, ili ipatikane nafasi ya watu 700. Nao walikubali. Zilipatikana fedha kama paundi 400, na wafungwa 142 wakalipiwa madeni yao, wakatoka.

Tunapoisoma habari hii, twaona kwamba watu wale walitoa zaidi ya fedha. Mabibi waliacha fahari ya mavazi, na mabwana wakaacha fahari ya panga, ili mtu wa mia saba apate mahali pa kusimama. Basi na msikilizaji ana wajibu wake, wala hatutautimiza wema wa hotuba hii tusipoutaja.

Nanyi mtakaokuja kusikiliza, siku zetu hizi hamna panga, lakini mna simu. Mtu huinua simu yake juu ya kichwa ili apige picha ya kwaya, na watu watatu walio nyuma yake huona mkono wake tu. Naye mwenyewe haioni kwaya. Aitazama katika kioo kidogo kama kiganja, ilhali waimbaji wenyewe wako hatua kumi mbele yake. Twawasihi mfanye kama mabwana wa Dublin. Pigeni picha moja kwa ajili ya walioshindwa kuja, kisha wekeni simu mfukoni, mwimbaji apate kuona nyuso zenu. Hamjui ni nguvu gani mwimbaji huipata kwa uso mmoja unaomsikiliza.

Sasa, ndugu zetu, ili maneno haya yasiwe upepo, twaleta mbele ya mkutano mashauri matano kwa ajili ya siku ya Jubilii.

La kwanza, kila kwaya iimbe kwa vinywa vyake. Vipaza sauti viwepo, maana uwanja ni mkubwa na upepo wa bahari ni mkali. Lakini vikuze sauti ya mtu aliyesimama pale, visiimbe badala yake. Na kila kwaya ijifunze nyimbo zake kiasi cha kuweza kuziimba hata umeme ukikatika.

La pili, kila kwaya iimbe nyimbo mbili, wala isizidishe: mmoja ambao watu wote wanaujua, na mmoja mpya. Twajua kwamba shauri hili litawaudhi wengine walioandaa nyimbo sita. Walakini kwaya ni nyingi, na jua halingoji. Afadhali watu waondoke wakisema, Laiti wangeimba tena, kuliko kusema, Wamemaliza lini?

La tatu, wimbo mpya ukiwa na kiitikio, mwalimu wa kwaya awafundishe watu kiitikio hicho kabla ya kuanza. Kazi hiyo yachukua muda mfupi tu. Na wimbo ukiwa katika lugha ya kabila moja, maana yake isomwe kwanza kwa Kiswahili, ili mgeni asikae kama aliyesimama nje ya ukuta wa jumba la Sultani.

La nne, tuanze kwa saa iliyotangazwa. Mtu aliyetoka mbali amefika kwa kulihesabu gari la kumrudisha. Tukichelewa saa mbili, tumemwibia nyimbo za mwisho.

La tano, liwekwe sanduku moja tu la sadaka, na itangazwe wazi kwamba kilichomo ni cha wagonjwa wa zahanati. Atakayetaka kutunza, na acheze mpaka kwenye sanduku hilo, atunze. Baada ya Jubilii hesabu yake isomwe katika mitaa yote.

Tumekaribia mwisho. Labda baadhi yenu mtauliza kama sisi wenyewe tunathubutu kuimba bila mashine, baada ya aibu ile. Jibu letu ni kwamba tunaogopa. Kwaya yetu imejifunza wimbo ule wa tatu upya, sauti zote nne pamoja, jioni baada ya jioni, mara nyingine kwa mwanga wa taa ya mafuta kwa sababu umeme haukuwapo. Bado pana mahali ambapo sauti ya pili hushuka, nasi twajua kwamba huenda ikashuka siku yenyewe mbele ya watu wote. Tumekubali ishuke. Watakaokuja wanajua kwamba mwanadamu huteleza, hilo hawatalistaajabia. Ila wakitukuta hatupo, ilhali tumesimama mbele yao, watakuwa na haki ya kutulaumu.

Yule bibi aliyetuuliza habari za koo angali hai, ingawa miguu yake imedhoofika. Mwezi uliopita tulikwenda kijijini kwake tukamwambia kweli. Alikaa kimya kitambo kidogo, kisha akasema kwamba siku ile alidhani hivyo, lakini hakutaka kutuaibisha asubuhi. Ameahidi kuja siku ya Jubilii, na mjukuu wake atamleta. Tunawaomba wazee wa uwanja watusaidie jambo moja: mbele, chini ya mwembe, upande wa kulia wa waimbaji, pawekwe kiti kimoja, pasikae mtu mpaka yeye afike.